Ng'ombe Hapakiwi kwa Fimbo: Namna ya Kumkamata na Kumpandisha Kwenye Lori

Kila kiangazi, malisho yanapokauka na wafugaji wanapoanza kupunguza mifugo, naulizwa swali moja: "Ng'ombe wangu wanagoma kupanda lori, nifanyeje?" Anayeuliza huwa mfugaji wa Shinyanga anayepeleka ng'ombe kumi na tano mnada wa Pugu, au mama wa Morogoro aliyenunua mtamba mmoja wa maziwa, pikapu imeshafika mlangoni na mtamba hataki hata kuisogelea.

Wote nawajibu hivi: kazi ya kupakia huanza jana yake. Ukiona watu sita wanavuta kamba, wawili wanapinda mkia na mmoja anarusha mawe, ujue kuna jambo halikufanywa mapema. Njia ikiandaliwa vizuri, ng'ombe hupanda kwa miguu yake mwenyewe.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Aliyevunjika guu ndani ya lori, kilomita mia tatu kutoka nyumbani, hana zizi la kukimbilia. Atachinjwa njiani na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo ndiyo nataka uikwepe.

## Mambo matatu ya kujua kabla ya kumgusa

- Anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa ya mkia wake. Usimtokee huko kimya kimya. Atakupiga teke au atakurupuka. Mwite au mpigie mluzi mdogo ajue uko wapi.
- Hapimi kina vizuri. Kivuli kinachokata njia, dimbwi la maji, au mwanya kati ya kipandio na lori, kwake vyote ni shimo. Ndiyo maana husimama, huinamisha kichwa na kunusa. Huo si ukaidi, anachunguza. Mwache amalize.
- Bega ndilo usukani wake. Ukisimama mbele ya bega, hurudi nyuma. Ukisimama nyuma ya bega, husonga mbele. Ukitembea ubavuni mwake kutoka kichwani kuelekea mkiani, mara tu unapolipita bega naye huanza kwenda. Ukilijua hili vizuri, fimbo yako itabaki ya kuegemea.

## Siku mbili kabla: karatasi na wasafiri

Anza na karatasi. Lori lenye ng'ombe likizuiwa kizuizini kwa saa tano juani, wanaoumia ni ng'ombe, na anayepata hasara ni wewe. Kwa Tanzania hakikisha una:

- kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo wa eneo lako;
- barua ya mtendaji wa kijiji inayokutambulisha wewe na mifugo yako, au stakabadhi ya mnada kama umenunua;
- hereni za utambuzi masikioni pale zinapodaiwa;
- maelezo ya karantini na saa zinazoruhusiwa kusafirisha mifugo katika njia utakayopita. Muulize afisa mifugo kabla hujamlipa mwenye lori.

Kisha pita zizini ukague mmoja mmoja. Hawa wabaki nyumbani:

- anayechechemea, au asiyeweza kusimama kwa miguu minne;
- mwenye mimba iliyofika mwezi wa mwisho, na aliyezaa siku chache zilizopita;
- ndama ambaye kitovu hakijakauka;
- mwenye homa, mapele ya ngozi, au mate yanayochuruzika pamoja na vidonda vya mdomo na kwato. Huyo ni wa kuonwa na daktari wa mifugo, si wa kupelekwa sokoni;
- aliyechomwa dawa ambayo siku zake za kusubiri hazijaisha, kama anakwenda kuchinjwa.

Usiku wa kuamkia safari wape nyasi kavu au mabua badala ya majani mabichi. Majani mabichi huwaharisha, na kinyesi chepesi hugeuza sakafu ya lori kuwa utelezi. Maji wanywe kama kawaida mpaka saa mbili au tatu kabla ya kupanda.

## Andaa njia

Kama kijiji chenu kina kibanio au josho lenye njia nyembamba, tumia hilo. Kama hakuna, jenga njia kwa miti migumu. Vipimo hivi vinawafaa ng'ombe wetu wa asili:

- Upana: sentimita 65 hadi 70, ili mkubwa apite lakini asiweze kugeuka. Wenye pembe ndefu kama Ankole waachie nafasi zaidi juu.
- Kimo cha uzio: mita 1.5 au zaidi.
- Kuta: zizibwe. Funga maturubai au magunia pembeni ili asione watu, bodaboda na mbwa. Anayeona mbele tu, huenda mbele.

Kipandio ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Kanuni rahisi ya kukumbuka: kila mita 1 ya kimo inataka mita 3 za urefu. Sakafu ya lori ikiwa juu kwa mita 1.1, kipandio kiwe na urefu wa zaidi ya mita 3. Kikiwa kifupi kinakuwa ukuta, na ng'ombe hapandi ukuta.

- Cha mbao: pigilia vipande vya kukanyagia, kimoja kila baada ya sentimita 20 hivi.
- Cha udongo au zege: tengeneza ngazi zenye kimo cha sentimita 10 na nafasi ya kukanyaga ya sentimita 30.
- Mbao zisicheze. Akikanyaga ubao ukatikisika, hatarudia, na walio nyuma yake wamemwona.

Huna mbao? Tafuta tuta la asili au ukingo wa barabara, chonga udongo, kisha lori lirudi kinyumenyume hadi liguse. Wafugaji wengi hupakia hivyo, na tuta la udongo lina faida: halitoi kelele na linanukia ardhi aliyoizoea.

## Andaa lori

1. Uliza lilibeba nini jana. Mabaki ya mbolea ya urea ni sumu, na ng'ombe huyalamba. Lisafishwe kwa maji kabla hujaruhusu lisogee.
2. Weka mchanga sakafuni, na juu yake pumba za mpunga au maranda ya mbao. Chuma tupu au mbao laini ni utelezi.
3. Kagua bodi kwa mkono wako. Misumari, waya na mabati yaliyopasuka huchana ngozi na kutoboa macho.
4. Gawa bodi ndefu kwa miti imara kila baada ya mita 3 au 4. Breki ikikanyagwa ghafla, kundi zima lisirundikane mbele.
5. Usilifunike turubai pande zote. Hewa ipite. Na bomba la moshi lisielekee waliko.

Wapande wangapi? Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kama mita 1 ya mraba. Pima urefu wa bodi mara upana. Bodi ya mita 6 kwa mita 2.3 ina mita za mraba 13.8, hivyo inachukua 13. Anayekwambia ishirini na tano wataingia ni kweli wataingia. Muulize watashuka wangapi wakiwa wamesimama.

## Kumkamata

Kundi. Usimkamate mmoja mmoja. Ng'ombe aliyetengwa na wenzake huchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa huruka uzio. Waingize wote zizini jioni ya jana yake, wakiwa wametulia kutoka malishoni. Asubuhi watoe wanne au watano kwa mara moja kuelekea kwenye njia nyembamba. Uwanja mdogo wa kusubiria, mlangoni pa njia hiyo, ujae nusu tu. Ukijaa wote, hawana pa kugeukia na wewe huna pa kusimama.

Anayetakiwa kufungwa kamba. Labda ni fahali mmoja, au mtamba uliyemnunua kwa jirani. Msogeze kwenye kona akiwa na mwenzake mtulivu. Kisha:

- Tumia kamba nene ya katani au pamba. Nailoni nyembamba hukata mikono yako na shingo yake.
- Kitanzi cha shingoni kiwe na fundo lisilojikaza. Kitanzi kinachojikaza humnyonga, na ng'ombe anayekosa pumzi hupigana kufa na kupona.
- Bora zaidi, mtengenezee hatamu ya kamba inayopita nyuma ya masikio na juu ya pua.
- Zungushia kamba kwenye nguzo, nguzo ndiyo imzuie. Kamwe usiizungushe kwenye kiganja au kiunoni. Watu wamepoteza vidole kwa kosa hilo.
- Akitulia, legeza. Hapo ndipo anapojifunza kwamba utulivu una faida.

Jike mwenye ndama mchanga na fahali aliyeinamisha kichwa huku akichimba ardhi kwa kwato si wa kuchezea. Usiingie zizini peke yako, na kabla hujaingia jua utatokea wapi.

## Kupanda, hatua kwa hatua

1. Chagua asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limepoa.
2. Rudisha lori mpaka ligusane na kipandio. Mwanya wowote uzibwe kwa ubao au gunia la mchanga. Zima injini, weka breki ya mkono, kinga matairi kwa mawe.
3. Tazama jua. Ukiweza, geuza lori ili mwanga uingie ndani. Kutoka juani kuingia gizani, ng'ombe husita.
4. Pita wewe mwenyewe njia nzima, ukiwa umeinama kwa kimo cha ng'ombe. Ondoa koti lililotundikwa, mfuko unaopepea, mnyororo unaoning'inia. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyosimamisha kundi.
5. Watu watatu wanatosha: mmoja nyuma ya kundi, mmoja ubavuni mwa njia, mmoja kwenye lango la lori. Wengine wakae mbali na wanyamaze.
6. Tanguliza jike mkongwe aliye mpole. Wengine watamfuata kama wanavyomfuata kisimani.
7. Wa kwanza akifika juu, mwache asimame na anuse. Mganda wa nyasi ndani ya lori humsaidia.
8. Wa nyuma waletwe mara moja, wakimwona aliyetangulia. Pengo likiwa kubwa, mnaanza upya.
9. Kila chumba kikitimia, funga mti wa kugawa kabla ya kuleta wengine.
10. Hesabu, linganisha na kibali, ndipo ufunge lango.

## Akigoma

Kwanza, simamisheni kila kitu kwa dakika moja. Tafuta anachokitazama. Mara nyingi macho na masikio yake yanakuonyesha moja kwa moja: kivuli, mtu aliyesimama mbele, ubao unaong'aa. Kiondoe.

Pili, jaribu bega. Tembea ubavuni mwake kutoka mbele kwenda nyuma, taratibu. Akipiga hatua, rudi nyuma kidogo umwondolee shinikizo. Ukiendelea kumsukuma wakati tayari anakwenda, unamwadhibu kwa kutii.

Tatu, kama amegeuka au amekwama kabisa, mrudishe kwa wenzake na umlete tena akiwa katikati ya wawili.

Nne, ukimhitaji mtu wa kumsogeza, atumie gunia au tawi la majani la kupungia. Mkono wazi mgongoni unatosha kwa wengi.

Usifanye haya hata kama dereva anapiga honi:

- kupinda mkia, ambao huvunjika;
- kumchoma kwa mti wenye ncha, au kumpiga machoni, puani na sehemu za siri;
- kumtia pilipili au tumbaku machoni;
- kumburuza kwa pembe au kumnyanyua akiwa amefungwa miguu.

Mambo hayo ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inayomlinda mnyama dhidi yake. Pia ni hasara. Kila fimbo inaacha damu chini ya ngozi, na mchinjaji huikata nyama hiyo na kuitupa. Aliyehangaishwa kwa muda mrefu kabla ya kuchinjwa hutoa nyama nyeusi na ngumu, isiyokaa buchani.

## Ng'ombe mmoja kwenye tela au pikapu

Hapa namjibu yule mama wa Morogoro na wenzake.

- Tela lifungwe kwenye gari kabla ng'ombe hajakanyaga. Lisilofungwa huinuka mbele uzito unapoingia nyuma, na ng'ombe aliyetishika namna hiyo hasahau.
- Kama una siku mbili tatu, liache tela wazi uani na umlishe karibu yake, kisha mlangoni, kisha ndani. Siku ya safari ataingia akitafuta pumba zake.
- Mtangulize mtu wa kumwongoza kwa hatamu, lakini awe na mlango wa kutokea. Asibanwe kati ya ng'ombe na ukuta.
- Akishaingia, funga mti wa nyuma kwanza, ndipo ufunge kamba. Wakati wa kushusha, fungua kamba kwanza, ndipo uondoe mti wa nyuma. Ukibadili utaratibu huo, anaweza kurudi nyuma huku kichwa kimefungwa.
- Kamba ifungwe usawa wa kifua, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Usimfunge kwa pete ya puani.
- Pikapu ndogo na ng'ombe mkubwa havipatani. Mnyama akiegemea upande mmoja kwenye kona, gari hupinduka. Afadhali ulipie lori dogo kama Canter.

## Njiani na kushusha

Simama baada ya nusu saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili au tatu. Utingo asichungulie kwa juu tu, atazame miguu. Aliyelala kati ya waliosimama atakanyagwa na atakufa. Mnyanyueni mapema, kwa kuwapa wengine nafasi.

Dereva aanze taratibu, afunge breki taratibu, apunguze mwendo kabla ya kona. Mlipe kwa ng'ombe waliofika wazima, si kwa saa alizookoa. Gari likiharibika, lisogezwe kivulini.

Kama mmoja amekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma, usimchune wala kumpasua. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Mwite afisa mifugo.

Mkifika, msiwarushe chini. Kipandio kilekile kinahitajika, tena zaidi, kwa kuwa wamechoka na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Wape maji kwanza, kisha nyasi, kisha kimya. Mtamba wa maziwa anaweza kupunguza kula siku ya kwanza. Asipokula siku ya pili, ita daktari.

## "Lakini..."

"Lakini dereva ana haraka." Liite lori wakati njia iko tayari, si kabla. Kundi lililoandaliwa hupanda haraka kuliko lile la kupigwa, kwa sababu hakuna anayegeuka.

"Lakini nikipakia wachache, nauli inanila." Gawa nauli kwa ng'ombe waliouzika. Mmoja aliyekanyagwa anakula nauli ya wale uliowaongeza, na bado umempoteza yeye.

"Lakini wakibanana hawaanguki." Wanaanguka, ila wakibanana hawawezi kuinuka.

"Lakini nikiwafunga pembe kwenye bodi wanatulia." Hawatulii, wamezuiwa. Lori likiruka shimo, aliyefungwa huning'inia kwa shingo. Waache wasimame huru ndani ya vyumba vyao vya miti.

"Lakini mafahali wangu watapigana." Kweli, kama hawajuani. Watenge kwa mti imara, na usichanganye wenye pembe na wasio nazo.

"Lakini babu zetu waliswaga mpaka mnadani, hawakuhitaji haya." Babu zetu walimwacha ng'ombe atembee kwa mwendo wake, ale njiani na anywe mtoni. Walimjua kila mmoja kwa jina na rangi. Ukimfikisha kwenye lori kwa utaratibu ule ule, utaona kwamba sijakufundisha kitu kigeni.

## La mwisho

Mfugaji mwenzangu, kesho kabla hujampigia mwenye lori, ingia zizini na futi ya kupimia. Pima njia, pima kipandio, kagua miguu ya kila ng'ombe. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ahirisha safari kwa siku moja. Mnada utarudi tena, mguu uliovunjika haurudi.